MTU NI AFYA: Kutunza Mpira wa Mkojo Nyumbani

Mwezi huu tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja. Tutazungumza juu ya mpira wa mkojo. Huu ni mpira mwembamba ambao mgonjwa huwekewa hospitalini ili mkojo wake upate kutoka. Wako wagonjwa wanaokaa nao siku mbili tatu tu. Wengine hurudi nao nyumbani. Hukaa nao miezi, na wengine hukaa nao miaka.

Katika mkoa wetu wa Songwe wagonjwa hao wapo. Wapo Tunduma mjini. Wapo Mbozi, Momba, Ileje na Wilaya ya Songwe. Pengine yuko mmoja nyumbani kwako au kwa jirani yako. Hospitalini mgonjwa huyo alitunzwa na wauguzi. Je, nyumbani atatunzwa na nani? Atajitunza mwenyewe, na wewe utamsaidia. Kwa hiyo ni lazima tujifunze.

TUCHUKUE MFANO

Mzee mmoja ni mkulima wa kahawa huko Mbozi. Usiku mmoja anashindwa kabisa kukojoa. Tumbo linajaa chini ya kitovu. Anaumwa sana. Watoto wake wanampeleka hospitali. Anawekewa mpira, mkojo unatoka, na maumivu yanakwisha. Anaambiwa kuwa tezi dume imekua na kubana njia ya mkojo. Anaruhusiwa kwenda nyumbani na mpira wake. Anaambiwa arudi baada ya wiki nne.

Nyumbani wote wanafurahi. Mfuko wa mkojo unalazwa kitandani, kando ya mzee. Mzee anapunguza kunywa maji ili mfuko usijae upesi. Wiki nne zinapita. Ni wakati wa kuvuna kahawa, na hakuna aliyeandika tarehe. Wiki ya sita mkojo unaacha kutoka. Tumbo linajaa tena. Mzee anasema, "Mpira huu ndio unaoniua." Anaushika na kuuvuta kwa nguvu. Damu nyingi inatoka.

Huu ni mfano tu, lakini mambo ya namna hii hutokea. Mzee huyu na jamaa zake walifanya makosa manne. Walilaza mfuko mahali pa juu. Mzee alikunywa maji kidogo. Walisahau tarehe. Mwisho, mzee aliuvuta mpira. Hawakuwa wazembe. Walikuwa hawajafundishwa. Sasa tuangalie kosa moja moja, ili sisi tusilifanye.

MPIRA UNAVYOFANYA KAZI

Mkojo hutengenezwa na figo. Kutoka kwenye figo hushuka mpaka kwenye kibofu. Kibofu ni kama kiriba kidogo. Mtu mzima huona haja ya kukojoa kabla kibofu hakijafikisha nusu lita. Njia ya kutokea ikizibwa, au mishipa ya fahamu inayoamrisha kibofu ikiharibika, mkojo hubaki ndani. Ukibaki muda mrefu unaweza kuharibu figo.

Watu wanaohitaji mpira ni wa namna nyingi. Wako wazee wenye tezi dume. Wako waliovunjika uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki au gari, au kwa kuanguka kutoka mtini. Wako waliopata kiharusi. Wako pia akina mama waliopasuliwa ili kuziba tundu la fistula.

Mpira huu una njia mbili ndani yake. Njia moja hupitisha mkojo. Njia ya pili hupitisha maji safi ya hospitali, ambayo hujaza puto dogo kwenye ncha ya mpira. Puto hilo likiwa limejaa ndani ya kibofu, mpira hauwezi kutoka. Daktari Frederic Foley wa Marekani ndiye aliyeleta mpira wa namna hii katika miaka ya 1930. Mpaka leo hospitali nyingi duniani huutumia, na huitwa kwa jina lake.

Sasa unaona kwa nini mzee wetu alitoka damu. Alivuta mpira, na puto lilikuwa bado limejaa. Puto lilipasua njia ya mkojo. Kwa hiyo shika neno hili: MPIRA WA MKOJO HAUVUTWI. Kwanza mhudumu wa afya hutoa maji kwenye puto kwa bomba la sindano. Baada ya hapo ndipo mpira hutoka. Usiukate kwa wembe wala kwa mkasi.

MIKONO KWANZA

Vijidudu hupanda kwa njia ya mpira mpaka kwenye kibofu. Vingi huletwa na mikono yetu. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika mpira au mfuko. Nawa tena baada ya kushika.

Tunduma imekuwa na shida ya maji kwa miaka mingi. Watu hununua maji kwa ndoo. Lakini kunawa mikono hakuhitaji ndoo nzima. Tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu dogo la plastiki, litoboe tundu, lining'inize kwenye mti pamoja na kipande cha sabuni. Maji kidogo yanayochirizika yanatosha. Maji ya mgonjwa yawekwe akiba katika chombo chenye kifuniko, yasitumiwe kwa kazi nyingine.

KUOSHA KILA SIKU

Mgonjwa aoshwe sehemu za siri kila siku, na kila anapotoka kujisaidia haja kubwa. Tumia maji safi na sabuni ya kawaida. Mwanamke aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu wa haja kubwa usifike kwenye mpira. Mwanamume asiyetahiriwa arudishe ngozi nyuma, aoshe, kisha airejeshe ngozi mahali pake. Hili la mwisho lisisahauliwe. Ngozi ikiachwa nyuma itavimba na kuleta madhara.

Ukisha osha mwili, osha na mpira wenyewe. Anzia pale unapoingia mwilini, kisha shuka chini. Usiupanguse kwa kurudi juu. Kausha kwa kitambaa safi.

Usipake mafuta ya mgando. Mafuta hayo hulainisha na kuoza mpira. Usipake poda, majivu, majani wala dawa kali ya kusafishia vidonda. Sabuni na maji vinatosha.

Wako wagonjwa ambao mpira wao hupita kwenye tundu dogo chini ya kitovu. Nao waoshe kuzunguka tundu hilo kila siku kwa namna hiyo hiyo.

MFUKO UKAE CHINI

Maji hayapandi mlima. Mkojo nao ni vivyo hivyo. Mfuko ukiwekwa juu kuliko kibofu, mkojo mchafu hurudi ndani na kuleta ugonjwa. Mgonjwa akilala, mfuko utundikwe ubavuni mwa kitanda, chini ya usawa wa godoro. Kama analala kwenye mkeka, mwinulie malalo kidogo, kwa mfano kwa godoro au kitanda cha kamba, ili mfuko upate nafasi ya kushuka. Akitembea, aufunge mguuni au aushike chini ya kiuno. Mfuko usiguse sakafu.

Mpira ufungwe pajani kwa plasta au kitambaa safi. Usikaze sana, na uache ulegevu kidogo ili usivutike anapogeuka. Kila siku chache hamishia paja la pili. Angalia pia kuwa mrija haukukunjwa, na mgonjwa hakuukalia.

Mwaga mkojo kabla mfuko haujajaa. Ukifika nusu au kuzidi kidogo, umwage. Mfuko mzito huvuta mpira na kuumiza. Kwa kumwaga, fungua kifunguo cha chini. Mdomo wake usiguse chombo wala choo. Funga, kisha nawa mikono. Chombo cha kumwagia kiwe cha kazi hiyo tu, na kioshwe.

Usitenganishe mfuko na mpira ovyo ovyo. Kila mara unapotenganisha, unawafungulia vijidudu mlango. Tenganisha wakati wa kubadili mfuko tu. Kwa kawaida mfuko hubadilishwa kila wiki moja, au kabla ya hapo ukivuja au ukichafuka. Tunajua kwamba mifuko ni ya kununua, na fedha ni shida. Kama huna mpya, muulize muuguzi kama wa zamani unaweza kuoshwa. Akikubali, uoshe kwa maji na sabuni. Kisha ujaze dawa ya kufulia nguo nyeupe iliyozimuliwa, yaani kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo kumi vya maji. Ache nusu saa, suuza vizuri, na utundike ukauke. Ukianza kupasuka au kunuka, utupe.

KUNYWA MAJI

Wagonjwa wengi hupunguza maji kwa kuona haya au kuwahurumia wanaowauguza. Hilo ni kosa. Maji mengi husafisha kibofu na mpira. Maji yakiwa machache, mkojo huwa mzito. Vijidudu vingine huufanya utoe chembe ngumu kama chokaa. Chembe hizo huziba mpira. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wetu.

Mtu mzima anywe kiasi cha lita moja na nusu mpaka lita mbili kwa siku. Kwa kikombe cha robo lita, hivyo ni vikombe sita mpaka vinane. Uji na chai pia vihesabiwe. Kwa wale wa bondeni Kamsamba, ambako joto ni kali kuliko Mbozi, wanywe zaidi. Angalia rangi ya mkojo. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, ni vizuri. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, ongeza maji. Lakini mgonjwa wa moyo au figo ambaye daktari amempimia maji afuate kipimo cha daktari.

Tena, mgonjwa asikae na choo kigumu. Haja kubwa ikijaa tumboni hukandamiza mpira na kuzuia mkojo. Mkoa wetu una vyakula vya kulainisha choo. Tunayo maharage, mboga za majani, maparachichi, na unga wa dona. Mgonjwa ale hivyo. Anayeweza kutembea atembee kidogo kila siku.

DAFTARI LAKO NI DAWA

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, hapa kuna kazi kubwa kwako. Mpira haukai daima. Wa kawaida hubadilishwa kila baada ya wiki nne hivi. Ule wa silikoni unaweza kukaa mpaka wiki 12. Mwenye kuziba mara kwa mara hubadilishiwa mapema. Muulize muuguzi: "Mpira huu ni wa namna gani? Nirudi tarehe ngapi?" Usitoke hospitalini kabla ya kupata jibu.

Soma maandishi kwenye mpira au pakiti yake. Utaona namba ya unene, kwa mfano 14 au 16. Utaona pia kiasi cha maji ya puto, kwa mfano mililita 10. Andika katika daftari mambo haya:

1. Tarehe mpira ulipowekwa.
2. Namba ya mpira na kiasi cha maji ya puto.
3. Tarehe ya kurudi kubadilisha.
4. Tarehe mfuko ulipobadilishwa.
5. Jambo lolote lililoharibika, kama kuziba, kuvuja au homa.

Nenda na daftari hilo kila unapokwenda zahanati au hospitali. Mganga mgeni akilisoma, ataelewa habari za mgonjwa wako kwa dakika moja. Kama mzee wetu wa Mbozi angekuwa na mjukuu wa kumwandikia tarehe, asingefika wiki ya sita.

DALILI ZA HATARI

Figo hufanya kazi usiku na mchana. Katika saa nne, mtu anayekunywa maji vizuri hupata karibu kikombe kimoja cha mkojo. Kwa hiyo mfuko ukikaa mtupu saa mbili mpaka nne, usingoje. Kwanza angalia kama mrija umekunjwa. Angalia kama mfuko uko chini. Mgeuze mgonjwa upande wa pili. Kama bado mkojo hautoki, au tumbo limejaa na kuuma, mpeleke kwenye huduma mara moja. Usimnyweshe maji mengi kwa kudhani yatasukuma. Njia ikiwa imeziba, maji huongeza maumivu.

Mpeleke pia upesi ukiona mambo haya:

Homa, au kutetemeka kwa baridi.
Maumivu ya mgongo au ubavu.
Damu nyingi au mabonge ya damu.
Usaha pale mpira unapoingia.
Mkojo kuvuja pembeni ya mpira bila kukoma.
Mzee kuanza kuchanganyikiwa ghafla.
Mpira kutoka wenyewe.

Mpira ukitoka, usiurudishe. Nenda siku hiyo hiyo. Kama ulikuwa umepita tumboni, funika tundu kwa kitambaa safi na uondoke mara hiyo hiyo. Tundu hilo huweza kujifunga kwa muda mfupi.

Mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo sehemu ya juu, yaani kifuani au shingoni, ana hatari yake ya pekee. Mpira wake ukiziba, anaweza kuumwa kichwa sana ghafla, akatoka jasho na uso kuwa mwekundu au wa moto. Shinikizo la damu limepanda vibaya. Mketishe wima, mlegeze nguo, angalia mrija, na mkimbize hospitali. Hilo linaweza kumwua.

Anayekaa mbali ajipange mapema. Nauli ya pikipiki au gari iwekwe kando. Namba ya simu ya dereva iandikwe ukutani. Wakati wa masika barabara za vijijini huharibika. Tarehe ya kubadilisha ikiangukia wakati huo, mgonjwa asingoje siku ya mwisho. Zahanati isipoweza, iko hospitali ya wilaya, na iko hospitali ya mkoa Vwawa. Mambo makubwa zaidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

VIDONGE VYA DUKANI

Watu wengi wakiona mkojo una ukungu au harufu, hukimbilia duka la dawa. Tunduma maduka ni mengi, na mpaka wa Zambia uko jirani. Hununua vidonge vya kuua vijidudu na kumeza. Ndugu msomaji, mtu anayekaa na mpira muda mrefu huwa na vijidudu ndani ya mkojo karibu daima. Kama hana homa wala maumivu, mara nyingi hahitaji vidonge. Aongeze maji na usafi. Akimeza vidonge mara kwa mara bila kupimwa, vijidudu huzoea dawa. Siku atakapougua kweli, dawa haitamsaidia. Mwenye homa asijitibu. Apelekwe akapimwe.

NANI AMHUDUMIE?

Hapa ndipo penye ugumu. Mwana huona haya kumwosha baba yake. Mkwe hawezi kuona uchi wa mkwewe. Mila hizo ni za heshima, nasi hatuzitukani. Lakini mgonjwa asioze kwa sababu ya haya. Jamaa wakae na kupanga mapema. Kwanza, afundishwe mgonjwa mwenyewe kama mikono yake ina nguvu. Wengi wanaweza. Pili, afundishwe mwenzi wake. Kama mwenzi hayupo, achaguliwe mtu anayekubalika, kama mjukuu mkubwa au ndugu wa rika lake. Watu wawili wajifunze, ili mmoja akisafiri mwingine awepo. Mkwe anayezuiwa na mila anaweza kuchemsha maji, kuandaa chakula na kutunza daftari. Hizo pia ni huduma.

Mgonjwa asifungiwe ndani. Mfuko uliofungwa mguuni hauonekani chini ya kanzu, kitenge au suruali pana. Anaweza kwenda kanisani, msikitini, mkutanoni na mnadani. Anaweza kufanya kazi nyepesi. Tena, wenye ndoa wasiogope kumwuliza muuguzi habari za unyumba. Liko jibu.

ULIZA KAMA MPIRA BADO UNAHITAJIKA

Si kila aliyewekewa mpira atakufa nao. Tezi dume ina dawa, na ina upasuaji. Kwa hiyo kila mara ukirudi hospitalini uliza: "Je, mpira huu unaweza kutolewa? Tufanye nini ili utolewe?" Mzee asiyejiweza aonane na Afisa Ustawi wa Jamii, amweleze hali yake.

Kwa akina mama tunaongeza neno moja. Mama aliyekaa na uchungu muda mrefu, kisha akaanza kuvuja mkojo baada ya kujifungua, asijifiche. Awahi hospitali. Tundu likiwa bado jipya na dogo, kuna wanaopona kwa kuwekewa mpira wiki kadhaa. Wengine hupona kwa kupasuliwa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wanawake wengi wenye tatizo hilo.

NENO LA MWISHO

Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walifundishwa kwamba afya haikai hospitalini peke yake. Huanzia nyumbani. Mpira wa mkojo ni vivyo hivyo. Mganga huuweka kwa dakika chache. Anayeutunza usiku na mchana ni wewe.

Kata ukurasa huu, ubandike ukutani karibu na kitanda cha mgonjwa. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mfuko wa mkojo usiwekwe juu ya kitanda?
2. Kwa nini mpira hauvutwi?
3. Mfuko ukikaa mtupu saa nne, utafanya nini kwanza? Kisha utafanya nini?
4. Katika nyumba yenu, mzee akiwekewa mpira, nani watamhudumia? Mmekwisha kuzungumza naye?
5. Usafiri wa kufika hospitali usiku kutoka kijijini kwenu ni upi?

Tukutane mwezi ujao. Kila la heri.